Ukarabati wa zege usipewe makombo

KILA mvua za vuli zinapokaribia, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Dar es Salaam hupata wateja wa aina mbili. Wa kwanza huja na karatasi ya fundi na gari la kukodi. Anataka mifuko 60 ya saruji, nondo, bati na misumari, na mara nyingi huvutiwa kiti na kuagiziwa soda. Wa pili huja kwa miguu, mkononi ana kindoo cha rangi iliyokwisha. Anataka kilo 5 za saruji akazibe ufa wa barazani kwake.

Ukurasa huu umezoea kumhesabu yule wa kwanza. Bei ya mfuko ikipanda tunaandika, kiwanda kikitangaza gawio tunaandika, na ushuru ukiongezwa tunapiga kelele, kama ilivyokuwa mwaka 2023 Bunge lilipopitisha ushuru wa bidhaa wa sh. 20/- kwa kilo ya saruji, yaani sh. 1,000/- kwa mfuko wa kilo 50. Yule wa kindoo hatumwandiki. Wiki hii tumwandike yeye, kwa sababu kwa maoni yangu ndiye anayepata hasara kubwa kuliko wote kwa kila kilo anayobeba. Na ndugu msomaji, ukiwa na vyumba viwili vitatu vya kupangisha, au fremu moja ya duka, huyo wa kindoo ni wewe.

Hoja yangu ni fupi. Kukarabati zege ni kazi ngumu kuliko kumwaga zege jipya, lakini sisi tunaipa makombo: saruji iliyobaki, mchanga uliobaki, saa za fundi zilizobaki, na fedha zilizobaki baada ya ada za shule. Ufa ukirudi, tunalaumu saruji.

Tuanze basi na saruji. Viwanda tunavyo, na si haba. Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, Tanga kikafuata mwaka 1980, na Dangote akaingia Mtwara mwaka 2015. Wenye hisa za Tanga na za Wazo Hill wanakumbuka zilivyoingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2002 na 2006. Kwa hiyo tatizo si uhaba wa bidhaa. Tatizo ni safari ya bidhaa hiyo kutoka kwenye mfuko uliofungwa hadi kwenye kindoo.

Kila mfuko una namba, 32.5 au 42.5. Namba hiyo ni nguvu ambayo saruji hiyo inatakiwa iwe imeifikia maabara ikiwa na umri wa siku 28, kwa kipimo cha newtoni kwa milimita ya mraba. Ni ahadi ya saruji mpya, iliyo kwenye mfuko usiofunguliwa. Saruji hunywa unyevu wa hewa na kuanza kuganda taratibu pale ilipo. Vitabu vya uhandisi hukadiria kwamba hata iliyowekwa vizuri ghalani hupoteza kiasi cha asilimia 20 ya nguvu zake ndani ya miezi 3. Sasa fikiria mfuko uliopasuliwa mdomo, umesimamishwa mlangoni pa duka, katika jiji la pwani, ukisubiri wateja wa kilo 5. Mwenye ghorofa anapata saruji iliyoshushwa wiki ile ile. Mwenye ufa anapata ya mwezi uliopita, na kwa kila kilo analipa zaidi kuliko anayechukua mfuko mzima.

Simlaumu mwenye duka. Yeye anauza alichonacho, na hajaletewa mfuko mdogo uliofungwa. Lakini mnunuzi ana mikono. Chota saruji, ibonyeze kwa vidole. Ikiwa na madonge yasiyovunjika kwa kidole, iache hapo hapo, hata ukipunguziwa bei. Na usidanganywe na namba kubwa. Saruji ya 32.5 iliyofunguliwa leo ni bora kwa baraza lako kuliko ya 42.5 iliyofunguliwa mwezi uliopita. Majirani wawili au watatu wenye nyufa wakichangia mfuko mmoja mpya na kuumaliza siku hiyo, wamefanya biashara nzuri kuliko wote watatu kupanga foleni na vindoo.

Kuhusu mchanga sitakawia. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ni adui wa nondo. Mchanga uliobaki uani, kuku wamepita na watoto wamechezea, una udongo ndani yake, na udongo huzuia saruji isishike. Basi.

Fundi ndiye habari ndefu. Fundi mzuri ana kazi kubwa mahali fulani, na ufa wako atakuja kuushughulikia jioni akitoka huko, au Jumapili. Hufika na mwiko, hukoroga rojo jepesi kwa sababu rojo jepesi hupakwa haraka, hupaka juu ya ufa, huchukua fedha zake, huondoka. Kesho yake hayupo kumwagilia. Nani atamwagilia? Mpangaji hakuambiwa, na mwenye nyumba anakaa mtaa mwingine.

Maji mengi ndani ya mchanganyiko ni wizi ambao haujifichi, ila tumeuzoea. Kwa zege la kawaida la nyumbani, mfuko wa kilo 50 hautakiwi kupita kiasi cha lita 25 za maji, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo ya ndoo. Kwa kilo 10 ni lita 5, na mchanga ukiwa umelowa hupungua tena. Maji yanayozidi hapo hayana kazi na saruji. Hubaki ndani kama vitundu, na yakikauka zege husinyaa na kupasuka. Kinyume chake, maji ya kumwagilia juu baada ya zege kushika, siku 7 mfululizo chini ya magunia yaliyolowa, ndiyo yanayolipa nguvu. Ni ajabu ya kazi hii kwamba maji yale yale ni hasara saa ya kwanza na faida kuanzia siku ya pili.

Nina mfano wa nyumbani, na aliyekosea ni mimi.

Mama yangu mdogo ana vyumba vinne vya kupangisha huko Mbagala. Mbele ya vyumba kuna baraza la zege, urefu mita 9, upana mita 1.2. Ndilo njia ya wapangaji, ndilo jiko lao jioni, na ndilo linalomwonyesha mpangaji mpya kama nyumba ina mwenyewe au haina. Ana daftari la mistari anamoandika kila senti. Mwaka 2020, shahada yangu ya biashara ikiwa bado mbichi, alinifungulia ukurasa wa baraza akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesomea haya mambo. Nivunje nirudie, au nizibe tu kama siku zote?"

Nikatazama. Kuvunja na kurudia kipande kilichoharibika kulikadiriwa zaidi ya laki 3. Kuziba, sh. 60,000/-. Nikamwambia, "Ziba tu, mama." Nilijiona mtaalamu.

Daftari linasema hivi. Mwaka 2017 baraza lilizibwa kwa sh. 48,000/-. Mwaka 2019 likazibwa kwa sh. 52,000/-. Mwaka 2020, kwa ushauri wa msomi wake, sh. 60,000/-. Mwaka 2022 sh. 65,000/-. Jumla sh. 225,000/-, na kila mara ufa ulirudi pale pale, safari ya mwisho ukiwa na mwenzake. Baraza likainamia upande wa mlango, maji ya mvua yakaingia chumba cha pili, mpangaji akahama. Chumba kilikaa wazi miezi miwili, kodi ya sh. 60,000/- kwa mwezi. Hiyo ni sh. 120,000/- nyingine ambayo haikuandikwa kwenye ukurasa wa baraza, iliandikwa kwenye ukurasa wa kodi, na ndiyo maana sisi sote hatukuiona. Ukijumlisha ni sh. 345,000/-.

Septemba 2023 alikuja fundi mwingine, mtu mzima. Hakuinama. Alisimama akatazama juu. "Mama, shida yako si sakafu," akasema. "Shida yako ni hilo bati." Paa halikuwa na mifereji. Kwa miaka yote maji ya bati yalikuwa yakianguka ukingoni mwa baraza, yakichimba udongo chini yake. Aligonga zege kwa nyundo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mita 6 zililia kwa sauti ya kitu kizito, mita 3 zililia kama ngoma. Chini ya zile mita 3 hapakuwa na kitu, na ndipo penye nyufa zote. Tulikuwa tukipaka lipu juu ya daraja.

Gharama yake hii hapa, kwa wanaopenda tarakimu. Kipande cha mita 3 kwa mita 1.2, unene sentimita 10, ni zege la mita za ujazo 0.36. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, mita moja ya ujazo hula mifuko 6 na ushee, kwa hiyo mifuko miwili na kitu. Akanunua 3, sh. 51,000/-, iliyozidi ikatengeneza ukingo. Kifusi cha kushindilia chini sh. 20,000/-. Mchanga na kokoto sh. 40,000/-. Fundi na msaidizi siku mbili sh. 100,000/-. Mifereji ya bati pamoja na bomba la kuteremsha maji sh. 120,000/-, na hicho ndicho kilichokuwa kitu ghali kuliko vyote, wakati hakikuwa zege hata kidogo. Jumla sh. 331,000/-.

Tangu hapo zimepita mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023, zikaunganika na masika ya 2024 ambayo wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kusimuliwa. Baraza lina ufa mmoja kama unywele, nao uko kwenye mchirizi ambao fundi aliuchora makusudi. Zege lazima lisinyae, alisema, kwa hiyo heri ulichagulie pa kupasukia. Kitaalamu yuko sahihi. Sakafu ya unene wa sentimita 10 inatakiwa iwe na mchirizi wa namna hiyo kila baada ya mita 2.5 hadi 3, wenye kina cha robo ya unene wake.

Msomaji mwenye kalamu atasema sh. 331,000/- dhidi ya sh. 345,000/- si ushindi mkubwa. Kweli. Na kuna jambo lingine ambalo sisi tuliosomea madarasani hulipita haraka. Mwaka 2020 mama mdogo hakuwa na laki 3 mkononi, alikuwa na elfu 60. Fedha za mwaka 2023 alizipata kwa sababu zamu yake katika kikoba ilifika. Watu wengi huziba, si kwa kutojua, bali kwa sababu kindoo ndicho kinachotosha mfukoni. Kosa langu halikuwa kumshauri atumie kidogo. Kosa langu ni kwamba sikumuuliza ufa ule umetoka wapi, na sikumwambia aanze na mifereji, ambayo kwa bei za mwaka ule angeimudu kwa awamu mbili. Angezuia maji kwanza, zege likasubiri.

Hilo ndilo agizo la kwanza kwa mwenye nyumba asiye na fedha: usiguse ufa kabla hujajua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Na kabla hujaita fundi, tumia penseli. Chora kimstari kukata ufa, andika tarehe ukutani, pima upana. Rudi baada ya mwezi, rudi tena baada ya mvua. Ufa usioongezeka ni kovu. Unaweza kuusafisha ukaujaza rojo la saruji, na ukiwa chini ya milimita 0.3 mahali pakavu, unaweza kuuacha ulivyo. Ufa unaoongezeka ni jeraha, na saruji haiwezi kuushika hata ukiujaza mara kumi, kwa sababu saruji haivutiki. Hapo sababu ndiyo itafutwe. Nyufa zinazopanda ngazi kwa kufuata maungio ya tofali husema msingi umecheza. Zipo zinazofunguka kiangazi na kufumba masika. Hizo husema chini kuna udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, kama ule wa Kibaha uliochunguzwa katika tasnifu ya uzamivu iliyotolewa na chuo cha KTH cha Stockholm mwaka 2008. Na vile vijiufa vya juu juu kama tope lililokauka, vinavyowatisha wanawake wengi wanaomwaga jamvi mara ya kwanza (na wanaume, ila hawasemi), ni zege lililokaushwa na jua na upepo kabla halijamwagiliwa. Havibomoi nyumba.

Ufa wa kuogopwa ni ule ulionyooka kufuata nondo, wenye doa la rangi ya kahawia. Hiyo ni kutu. Zege zima hulinda nondo kwa ukali wake wa asili, kama magadi. Likipenywa na hewa kwa miaka mingi, au na chumvi ya bahari kwa miaka michache, ulinzi huo huisha. Chuma kikishika kutu hujaa nafasi mara mbili na zaidi ya ile kiliyokuwa nayo, na zege halina njia ila kupasuka. Mafundi wengi hugonga kipande kilicholegea, hupaka lipu juu, hupiga rangi. Kutu inaendelea ndani kama kawaida. Baya zaidi, kwenye zege lenye chumvi, kiraka kipya huweza kuharakisha kutu ya nondo iliyo pembeni yake, ndiyo maana viraka huzaana. Mnunuzi wa nyumba za Msasani, Kigamboni au Tanga mjini na ajue hivyo kabla hajasifu rangi.

Kazi inayostahili jina la ukarabati hapo ni hii: tindo ichimbe mpaka nyuma ya nondo, nafasi ya kidole kipite, kutu iondolewe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, nondo iliyoliwa sana iongezewe nyingine, kingo za shimo zikatwe wima, zisiachwe zikaishia kama makali ya kisu, kwa sababu kiraka chembamba ukingoni humeguka kwanza. Zege la zamani liloweshwe, maji yasituame. Lipakwe rojo la saruji kwa brashi, na kabla rojo hilo halijakauka mchanganyiko mgumu wa 1:3 ushindiliwe ndani. Dawa za lateksi za kuchanganya na saruji zipo madukani na husaidia kushikamana. Kisha magunia na maji, siku 7. Ukiona bei ya fundi haitoshi hata kwa tindo peke yake, jua ameshaamua kupaka.

Sakafu iliyochakaa, ile inayotoa vumbi kila ikifagiliwa, nayo ina ujanja wake. Watu hupiga niru juu yake, inang'aa wiki tatu, halafu inabanduka kama ganda la yai. Niru haishiki kwenye vumbi wala kwenye sakafu laini. Ama uichimbechimbe sakafu ya zamani ikwaruzike yote, uioshe, na umwage tabaka jipya la sentimita 2.5 hadi 4 likiwa limeshikamana nayo, ama ukubali kumwaga sakafu mpya kamili ya sentimita 10 juu yake na kupandisha milango. Katikati ya hayo mawili hakuna kitu ila kutupa fedha. Kwa fremu za maduka, ambako mikokoteni na magunia huburutwa mchana kutwa, hili si suala la urembo.

Naomba ieleweke kwamba nazungumzia baraza, sakafu, ngazi za uani na kuta za uzio. Ufa kwenye nguzo au boriti ya ghorofa si wa fundi wa jioni, wala si wa makala ya gazeti. Huo ni wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hata kama ada yake inakukera. Ghorofa la Kariakoo lililoporomoka Novemba 16, 2024 liliua watu zaidi ya 20, wengi wakiwa kwenye shughuli zao za biashara.

Sasa soko. Wanaonunua nyumba zilizokwishatumika hupatana bei kwa kutazama kiwanja, mahali na hati. Sawa. Lakini nyufa zenye kutu ni deni linalohama na nyumba, na muuzaji halitaji. Nenda na nyundo ndogo. Gonga baraza, gonga sakafu, gonga chini ya linta. Kila mita inayolia ngoma iandike, piga hesabu ya kuivunja na kuirudia, kisha iondoe kwenye bei. Muuzaji atakuona mkorofi. Mwache akuone.

Kwa wenye vyumba, fedha za ukarabati zipo, ila tunazila siku zinapoingia. Desturi ya hapa kwetu ni mpangaji kulipa kodi ya miezi 6 mapema. Siku hiyo mwenye nyumba ana fedha nyingi kuliko atakavyokuwa nazo hadi awamu nyingine. Mimi ningetenga kodi ya mwezi mmoja kwa mwaka kwa kila chumba, nusu mwezi kila awamu, kabla ya kugusa nyingine, na ningeiandika kama gharama, si kama akiba. Akiba huombwa na ndugu. Kwa vyumba vinne vya mama mdogo hiyo ni sh. 240,000/- kwa mwaka. Angevunja baraza mwaka 2018.

Na kwa wauza vifaa: yupo mteja hapa asiyehudumiwa. Kilo 5 na kilo 10 za saruji mpya, kwenye mfuko uliofungwa, wenye tarehe. Anayefungasha kilo moja moja za sukari na unga anajua namna ya kuigeuza gharama ya mfuko mdogo kuwa faida. Wenye vindoo wangelipa kitu zaidi, maana hata sasa wanalipa zaidi na wanapata kilichoganda.

Kuna kitu kimoja uani kwa mama mdogo ambacho mwaka 2023 hakikuguswa kwa kuwa fedha ziliishia kwenye mifereji: mfuniko wa shimo la choo. Ni bamba la zege, watoto wa wapangaji hukaa juu yake kucheza bao. Kwa juu una ufa mmoja tu, na mwaka jana fundi fulani alijitolea kuuziba kwa elfu 15. Safari hii sikumshauri mama kukubali. Mfuniko wa namna hiyo huliwa kutoka chini. Hewa ya maji taka hugeuzwa tindikali na bakteria walio kwenye unyevu wa upande wa chini, tindikali hula zege, kisha hula nondo, na juu unabaki mzuri mpaka siku unapozama. Haukarabatiwi. Unamwagwa mwingine pembeni, chini kwenye ardhi, wenye nondo za milimita 10 zilizofunikwa na zege nene upande wa chini, unamwagiliwa, unaachwa siku 28, ndipo wa zamani unavutwa kwa kamba na mpya kuwekwa. Na hakuna mtu anayeingia mle shimoni hata kwa dakika moja, kwa sababu ile hewa huua.

Nondo tumeshanunua. Saruji, mfuko mmoja usiofunguliwa, itanunuliwa Jumamosi asubuhi, siku ya kazi yenyewe. Watoto wameambiwa bao likachezewe barazani.